HD 600, HD 800 S au Sundara? Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Hedfoni Wazi

Tangu niguse habari ya hedfoni wazi kwenye safu hii, simu yangu haijapumzika. Nimechukua maswali saba. Mengine yanafanana, nimeyaunganisha.

Kaka, ndugu yangu aliyeko Uingereza kanitumia hedfoni wazi ya bei mbaya. Nikiivaa nasikia feni, nasikia hata jirani anaosha vyombo. Nimepigwa? (Msomaji, Sinza)

Hujapigwa, ndugu yangu. Ndivyo zilivyoundwa. Nyuma ya spika yake hakuna ukuta, kuna wavu tu, kwa hiyo sauti inatoka nje na ya nje inaingia ndani. Kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ndiyo iliyoanza kuziuza za namna hii mwaka 1968, kwa HD 414 yao yenye sponji za njano. Faida yake ni kwamba mawimbi yanayotoka nyuma ya spika yanapata njia ya kuondoka badala ya kugonga plastiki na kurudi sikioni. Muziki unapumua, unausikia kama uko chumbani na si ndani ya fuvu.

Hedfoni hiyo haikufai kwenye daladala wala ofisini. Itakufaa kuanzia saa sita usiku hadi kabla ya adhana ya alfajiri, bajaji zikiwa zimelala. Mimi huzima feni kwa dakika arobaini, najifuta jasho, nasikiliza pande mbili za santuri, kisha naiwasha tena. Kwa hapa Dar, ukimya ni sehemu ya mtambo.

Nina akiba ya kununua hedfoni moja tu ya maana. Ukiniwekea mezani HD 600, HD 800 S na Sundara, utanichagulia ipi? Nasikiliza taarab na jazi. (Msomaji, Mikocheni)

Dada, hili swali nimelisubiri. HD 600 ninayo mwenyewe kwa miaka mingi, HD 800 S niliazimwa wiki mbili, na Sundara ya rafiki yangu wa Mbezi huwa inalala kwangu kuliko kwake. Zote tatu nimezisikilizia taarab ya kikundi kizima, maana hakuna mtihani mgumu kuliko huo: fidla nne au tano, kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi), udi, akodioni, dumbak, besi, na mwimbaji juu ya vyote.

HD 600 na HD 800 S zote ni za Sennheiser. HD 600 ni ya mwaka 1997 na bado inatengenezwa. Ukiivaa, wa kwanza kukufikia ni mwimbaji. Anakaa mbele yako kama mgeni aliyekaribishwa kiti, na sauti yake ina nyama. Ukijua mwimbaji fulani ana kikwaruzo kidogo anaposhuka kwenye noti za chini, utakisikia palepale kinapostahili. Fidla zinakuja kwa pamoja, kundi moja lililosimama karibu karibu. Kinachopungua ni chini kabisa: kuanzia kama hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde) kwenda chini, besi inaanza kunywea. Unaisikia noti, lakini husikii uzito wa mbao zake.

HD 800 S, ya mwaka 2016, ni nyumba nyingine kabisa. Spika yake ina umbo la pete, upana milimita 56, na imewekwa mbali na sikio, kwa kuinama. Usiku wa kwanza niliweka wimbo ninaoujua tangu utoto, nikahesabu fidla. Sikuwahi kuzihesabu kabla. Ya kwanza ilikuwa kushoto kabisa, nje ya bega, na aliyekuwa nyuma yake alikuwa anachelewa kidogo kuingia kila kiitikio kilipoanza. Miaka yote hiyo sikujua kwamba kuna mtu anachelewa. Kwenye kanuni nilisikia vitu viwili: kwanza ukucha unapogusa uzi, kisha uzi wenyewe unapolia.

Lakini ina makali. Kwenye hezi 6,000 hivi, HD 800 ya mwanzo ya mwaka 2009 ilikuwa na mwinuko mkali. Kwenye toleo la S wameweka kifyonzi cha kuupunguza, na umepungua kweli, ila haujaisha. Kwa Kiswahili hili lina uzito wa pekee, maana lugha yetu imejaa herufi s. Mwimbaji akitamka "sisemi" au "usisite" karibu na maiki, na fundi wa studio akawa ameongeza trebo, yaani sauti za juu, kila s inachoma kama sindano. Rekodi nzuri haina shida hiyo. Rekodi mbaya inavuliwa nguo.

Sundara ya HiFiMan kutoka China inafanya kazi kwa njia tofauti. Badala ya koili iliyogundishwa kwenye utando, njia za umeme zimetandazwa juu ya utando mwembamba sana uliowekwa mbele ya sumaku, kwa hiyo utando wote unasukumwa kwa mpigo mmoja. Matokeo yake ni besi isiyonywea, inashuka hadi chini ikiwa na nguvu ileile. Dumbak inapigwa, inanyamaza, hakuna mkia. Uwanja wake, yaani nafasi unayosikia ala zimetawanyika, ni mpana kuliko wa HD 600, lakini haufikii HD 800 S. Kwenye sauti ya binadamu ndipo ninapoiacha. Mwimbaji anarudi hatua moja nyuma, na wa kike anakuwa mwembamba kidogo.

Kwa taarab na jazi ya waimbaji, chukua HD 600. Sisemi hivyo kwa sababu bei yake ni ndogo mara kadhaa kuliko HD 800 S. Nasema hivyo kwa sababu taarab ni maneno kwanza, na hedfoni inayomleta mwenye maneno mbele ndiyo inayoifaa. Ungeniambia unasikiliza okestra kubwa za Ulaya na una chumba kimya, ningekujibu HD 800 S bila kusita. Kuna walioniuliza pia kuhusu Focal Utopia ya Ufaransa, yenye utando wa berili, metali nyepesi. Nimeivaa saa moja tu maishani. Ngoma zilipigwa kama zimo chumbani, na gramu zake 490 nilizihisi shingoni kabla saa haijaisha.

Nilikwenda kwa jamaa nikajaribu hedfoni mbili kwa mpigo. Moja ilionekana bora ndani ya sekunde tano. Nimeshajua ya kununua, au siyo? (Msomaji, Tabata)

Bado hujajua. Swali la kwanza: ipi ilikuwa na sauti kubwa zaidi? Hedfoni mbili zikichomekwa kwenye amplifaya moja bila kugusa kitufe, hazitoi sauti sawa, na sikio la binadamu huipenda iliyo juu. Hata tofauti ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) moja au mbili, ambayo wala hutaitambua kama "kelele zaidi", utaisikia kama besi nene zaidi na trebo safi zaidi. Watafiti Fletcher na Munson walilionyesha hili mwaka 1933: sauti ikiwa chini, sikio linapunguza besi kuliko linavyopunguza sauti za kati. Kwa hiyo iliyo kimya inaonekana imepooza, kumbe imepunguzwa tu.

Fanya hivi. Chukua kadibodi ngumu, kama ya boksi la viatu, ikate iwe kubwa kuliko mto wa hedfoni. Katikati toboa tundu la kutosha maiki ya simu. Weka programu ya kupima desibeli kwenye simu, ambayo ipo ya bure, ubane maiki kwenye tundu kwa nyuma na ulaze hedfoni mbele, mto wote ukigusa kadibodi. Cheza ile sauti ya shwaa inayofanana na mvua juu ya bati, andika namba. Badilisha hedfoni, rekebisha amplifaya hadi namba ziwe sawa, kisha weka alama ya kalamu kwenye kitufe kwa kila hedfoni. Namba yenyewe haitakuwa ya kweli, simu si kipimo cha maabara, lakini unachotaka ni usawa tu.

Halafu usihukumu kwa sekunde tano. Sikiliza wimbo uleule ambao unaweza kuuimba ukiwa usingizini, kila hedfoni kwa siku mbili. Hedfoni inayong'ara dukani mara nyingi ndiyo inayochosha nyumbani. Nilishawahi kuuza moja kwa sababu hiyo: nilikuwa naivua kila baada ya nyimbo tatu bila kujua kwa nini, hadi mke wangu akaniuliza mbona siimalizi kaseti.

HD 600 ina ukinzani wa omu 300. Simu yangu itaiweza? (wengi mmeuliza hili)

Kwa adapta ya hedfoni ya kuchomeka kwenye simu, yenye uwezo wa volti moja, ndiyo. Kwa volti moja HD 600 inatoa desibeli 97, na hiyo ni sauti kubwa. Utaona upungufu kwenye rekodi za zamani zilizorekodiwa kwa sauti ya chini, ambapo utafika mwisho wa kitufe na bado unataka kidogo.

Msiogope omu peke yake. Angalieni na unyeti, yaani hedfoni inatoa sauti kubwa kiasi gani kwa nguvu fulani. Hedfoni nyingine ya HiFiMan, Susvara, ina omu 60 tu, mtu akisoma haraka anaona ni nyepesi, lakini kwa miliwati moja inatoa desibeli 83. Kila ukitaka desibeli 10 zaidi, nguvu inazidishwa mara 10. Kwa hiyo desibeli 103 zinadai miliwati 100, na vilele vya desibeli 113 vinadai wati nzima. Hapo simu inakaa pembeni.

Mwanangu, mimi nina kanda na nyimbo za dansi za enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam. Kijana wangu anataka kuninunulia hedfoni kubwa hizi. Nitafaidi nini kwenye rekodi za zamani? (Mzee, Magomeni)

Shikamoo mzee wangu. Utafaidi, lakini si kile kijana anachodhani. Rekodi nyingi za enzi hizo bendi ilipiga yote kwa pamoja studioni, na nyingi zinatufikia zikiwa mono. Mono kwenye hedfoni hukaa katikati ya kichwa, hata ukivaa ile yenye uwanja mpana kuliko zote. Ule upana wa kushoto na kulia unaosifiwa hautaupata, kwa sababu haukurekodiwa.

Kinachobaki ni rangi ya ala, na hapo ndipo palipo na utamu. Magitaa yale yalikuwa yanasemezana: la solo juu, la ridhimu katikati, na la tatu likipita baina yao. Kwenye redio ya mkulima yote matatu yalikuwa gitaa moja. Mzee wangu, kwenye hedfoni wazi nzuri utamtambua kila mmoja kwa mkono wake. Tarumbeta mbili zikipishana kidogo utazisikia zikikwaruzana, na utasikia chumba chenyewe, ule mwangwi mfupi wa kuta baada ya ngoma kunyamaza.

Mwambie kijana asinunue yenye trebo kali, maana ile shwaa ya kanda itakusumbua. HD 600 au HD 650 zinatosha kabisa, ya pili ikiwa nzito na laini zaidi. Na amwite fundi asafishe hedi ya redio kaseti kwa spiriti kabla hamjavaa chochote. Hedi chafu inakula trebo yote, halafu lawama inaiangukia hedfoni.

Mzee, ukipata nafasi nifahamishe ni kanda gani unazo. Zinafaa kunakiliwa zingali zinacheza.

Upande wa kulia unatoa mlio wa kukwaruza besi ikipiga. Spika imekufa? Na nikiichomeka kwenye laptopu kuna muungurumo wa mmm usioisha. (Msomaji, Kinondoni)

Kukwaruza kwanza. Kabla hujaanza kulia machozi, vua mto, toa sponji nyembamba iliyo chini yake, uangalie kwa tochi ya simu. Mara nyingi ni unywele. Unywele mmoja wa ndevu ukigusa utando unatoa mlio wa spika iliyopasuka. Yangu ilinitia huzuni wiki nzima, nikautoa kwa kibano cha nyusi, ikapona papo hapo. Usiguse utando wenyewe.

Muungurumo ni umeme. Chomoa chaja ya laptopu utumie betri. Ukiisha, tatizo ni ethi ya nyumba au chaja, si hedfoni. Mwite fundi umeme apime ethi.

Nanyi mnaoletewa amplifaya kutoka Marekani, someni nyuma yake kabla ya kuchomeka. Iliyoandikwa 120V tu haitakii heri umeme wetu wa volti 230. Nimeshanusa moshi wa namna hiyo, na harufu yake haitoki chumbani upesi.

Jasho la Dar limeharibu mito ya hedfoni yangu. Nifanyeje, na niogope sauti kubadilika? (Msomaji, Kigamboni)

Itabadilika, ndiyo. Mto ukishabonyea, sikio linasogea karibu na spika, na uzibaji kando ya shavu unabadilika. Kwa kawaida besi ndiyo inayovurugika kwanza. Mtu anadhani hedfoni imezeeka, kumbe ni mto.

Mito ya ngozi bandia ikishaanza kubanduka, haina dawa. Nunua mipya ya modeli ileile, maana ya modeli nyingine, hata ikiingia, itabadilisha sauti. Ya kitambaa cha mahameli kama ya HD 600 inafulika: ivue taratibu, iloweke kwenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya mtoto, iminye bila kuisokota, isuuze mara mbili. Ilaze juu ya taulo mbele ya feni usiku kucha. Usiianike juani, sponji inakauka na kuvunjika. Asubuhi ibonyeze kwa kidole, ikirudi juu polepole, ivalishe.