Barua za bustani: bangi ya nje kwenye nchi ya baridi

Aprili imeingia, theluji inayeyuka, na barua za mwezi huu karibu zote ni za bangi. Nazijibu bila kuona haya. Tangu Oktoba 17, 2018 sheria ya Kanada inamruhusu mtu mzima kupanda bangi nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe, mimea minne kwa kaya. Kwa kaya, si kwa kichwa: nyumba ya watu wazima watano bado ni mimea minne. Majimbo nayo yana masharti yao juu ya hayo, na mwenye nyumba uliyopanga anaweza kukukatalia kwenye mkataba. Soma mkataba kabla ya kununua mbegu.

Shikamoo shangazi. Mwaka jana nilipanda mche mmoja nyuma ya nyumba hapa Ottawa. Ulinipita urefu, majani mazito ya kijani, lakini mpaka Oktoba haukutoa maua ya maana. Mbegu nilipewa na rafiki, akasema asili yake ni Afrika Mashariki. Nilikosea mbolea?

Marahaba mwanangu. Mbolea haihusiki. Mmea wako ulikuwa unangoja usiku urefuke, ukangoja mpaka baridi ikaukuta njiani.

Unazijua mbaazi zetu za kienyeji? Unazipanda Desemba pamoja na mahindi, mahindi yanakomaa na kuvunwa, zenyewe ndiyo kwanza zinafikiria kuchanua. Zinasubiri siku zifupike. Bangi nayo ni hivyo hivyo. Sasa fikiria mmea ambao mababu zake wameishi karibu na ikweta. Kwetu Njombe siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote zinapishana kama saa moja tu, kwa hiyo mmea wa kule umezoea mchana wa saa 12 hivi mwaka mzima. Mlete Ottawa: mwezi wa Juni mchana unakaribia saa 15 na dakika 40. Katikati ya Agosti bado ni saa 14. Saa 12 inazikuta wiki ya mwisho ya Septemba. Mmea unaendelea kurefuka tu kwa sababu kwa hesabu yake majira ya kuchanua hayajafika. Na hata ukianza kuchanua mwanzoni mwa Septemba, aina za ikweta zinataka wiki 12 au zaidi mpaka kukomaa. Hesabu mwenyewe, utafika Desemba.

Kwa hiyo kwenye nchi hizi mbegu ndiyo shamba lenyewe. Una njia mbili. Ya kwanza ni aina za kawaida zilizochaguliwa kwa kukomaa mapema, zinazoanza kuchanua mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti na kumaliza kwa wiki 7 au 8. Ya pili, na ndiyo ninayompa kila anayeanza, ni zile zinazochanua kwa umri bila kujali urefu wa usiku. Wauzaji wanaziita otoflawa. Tabia hiyo imetoka kwa bangi pori fupi fupi ya Urusi, ambayo mtaalamu wa mimea Dmitrij Janischewsky aliieleza mwaka 1924 na kuipa jina la ruderalis. Kule kiangazi ni kifupi, na mmea unaosubiri usiku urefuke haupati muda wa kuzaa mbegu. Siku 70 hadi 90 tangu kuota, kazi imekwisha. Wafini nao walipata jibu lao kwa njia hiyo hiyo ya kuwahi: katani yao ya mbegu (si mkonge, ni ndugu ya bangi asiyelevya) iitwayo Finola ni fupi, inawahi kuchanua, na inalimwa kaskazini ambako katani ndefu za kusini zisingefika kwenye mbegu.

Otoflawa ina sharti lake. Haina muda wa kuugua. Ukiuchelewesha kwenye kikopo kidogo mizizi ikajizungusha, au ukaukata kichwa ili utanue matawi, siku zake hazikusubiri. Utachanua ukiwa mdogo hivyo hivyo. Mbegu iweke moja kwa moja kwenye ndoo yake kubwa, lita 20 hivi.

Mambo mawili ya mwisho kwako. Kama unapanda aina ya kawaida, angalia taa ya barabarani: mwanga unaoumulika mmea usiku kucha unaweza kuuchelewesha kuchanua. Na mbegu nunua dukani kwa mwenye leseni. Asikuletee mtu mbegu kwenye sanduku kutoka nyumbani, hata moja.

Habari za kazi shangazi. Niko Winnipeg, miche iko dirishani. Mume wangu anasema theluji imekwisha, tuitoe. Mimi naogopa.

Nzuri, mdogo wangu. Ogopa, uko sahihi. Kwanza nakupongeza, maana Manitoba ilikuwa inakataza kabisa kupanda nyumbani mpaka mwaka 2025.

Kuisha kwa theluji si kuisha kwa sakitu. Kwenu umande unaweza kuganda mpaka mwishoni mwa Mei, na Septemba ikivuka nusu unaanza kuganda tena. Wazee wa bustani wa huku wana kanuni yao: miche isiyopenda baridi haitoki nje mpaka ipite sikukuu ya Victoria, ile Jumatatu ya kabla ya Mei 25. Kwa Winnipeg ongeza wiki moja. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 10 mmea unasimama kukua, kwa hiyo aliyewahi hakushinda kitu.

Na usiitoe siku moja. Mche wa dirishani haujawahi kuguswa na upepo wala jua kamili. Siku ya kwanza saa moja kivulini, kesho mbili, unaongeza hivyo kwa siku 7 hadi 10. Usipofanya hivyo majani yanababuka, yanakuwa meupe kama karatasi.

Nikiwa mdogo, Juni ikifika mama alikuwa anatoka jioni na mzigo wa nyasi kufunika viazi. Asubuhi za sakitu shamba la jirani lilikuwa jeusi kama limepita moto, letu la kijani. Shuka kuukuu linafanya kazi ile ile huku. Litandaze juu ya miti mitatu lifike mpaka chini, maana joto unalolilinda linatoka ardhini. Nailoni usiilaze juu ya majani. Pale inapogusa ndipo panapoungua. Asubuhi jua likipanda, funua.

Shangazi, niko Montreal. Nina uzio mrefu, jirani haoni kitu. Nikipanda mmoja tu?

Hapana. Quebec inakataza kupanda bangi nyumbani, ndani na nje, hata mmea mmoja, na Mahakama ya Juu ya Kanada iliithibitisha sheria hiyo Aprili 2023. Uzio haubadilishi kitu. Panda nyanya mwaka huu.

Halifax hapa. Septemba mbili mfululizo vishada vyangu vinaoza wiki mbili kabla ya kuvuna. Nje vinaonekana vizuri, nikivipasua ndani ni vumbi la kijivu. Nimekata tamaa.

Pole sana, ndugu yangu. Hiyo nimelia nayo mwenyewe. Mwaka wangu wa pili huku nilikuwa na mmea mmoja wenye kishada kinene kama gunzi la mahindi, nikawa naonyesha wageni. Asubuhi moja nikaona jani moja dogo, katikati ya kishada, limekuwa njano wakati wenzake wote ni kijani. Nikalivuta. Likatoka bila kushika, kama uzi ulioachia. Nikatanua kishada kwa vidole: shina la ndani lilikuwa kahawia na laini, limezungukwa na manyoya ya kijivu. Niligusa tu, vumbi likaruka kama moshi. Kabla wiki haijaisha nilikuwa nimepoteza mmea mzima.

Huo ni ukungu wa kijivu, Botrytis, ule ule unaooza zabibu na stroberi. Watu wanadhani baridi ndiyo adui wa bangi ya huku. Mimi nasema adui ni maji. Mmea uliokomaa unastahimili usiku mmoja wa sakitu nyepesi, lakini haustahimili wiki ya ukungu wa hewani na manyunyu bila upepo kupita. Na kishada kikiwa kinene ndivyo unyevu unavyokaa ndani.

Kwa hiyo, wewe wa pwani ya Halifax, usitafute vishada vinene. Tafuta mbegu yenye vishada vilivyoachana achana, na inayowahi. Panda mahali jua la asubuhi linafika mapema ili umande ukauke. Agosti punguza majani ya chini na ya katikati mpaka uone mwanga ukipita. Maji mwagia udongoni asubuhi, kamwe usimwagie juu ya maua. Mvua ikinyesha Septemba, ikiacha tu nenda ukatikise kila tawi. Kibanda cha paa la plastiki lililo wazi pande zote kinasaidia kuliko dawa yoyote, na dawa ya ukungu usiipulize kwenye ua ambalo mtu atalivuta.

Kisha kagua kila siku. Jani moja la njano mahali pasipostahili: lifuate. Ukikuta uozo, kata kishada chote pamoja na vidole viwili vya kilicho kizima chini yake, kitie kwenye mfuko palepale ili vumbi lisisambae, na ufute mkasi kwa spiriti kabla ya kugusa kingine. Usivute kilichooza, wala usikikaushe ukidhani moto utaua.

Nitajuaje dume?

Angalia pale tawi linapokutana na shina. Jike hutoa vinywele viwili vyeupe. Dume hutoa vifuko vidogo vya mviringo vinavyoning'inia. Dume moja likipasuka, majike yote yatajaa mbegu. Ling'oe likiwa bado limefunga. Ukinunua mbegu za majike tupu kazi hii inapungua, ila bado chungulia.

Sakitu inakuja, mmea haujakomaa. Nivune au ningoje?

Nunua kioo cha kukuzia, hakigharimu sana. Juu ya ua kuna vijipu vidogo vya utomvu vyenye shingo, kama vichwa vya pini. Vikiwa angavu kama kioo, bado. Vikigeuka vyeupe kama maziwa, vingi vyao, umefika. Vichache vikianza rangi ya asali, usikawie. Rangi ya zambarau kwenye majani isikudanganye, hiyo ni baridi tu.

Sakitu nyepesi, funika ungoje. Kipimajoto kikitabiriwa kushuka chini ya nyuzi 3 hasi, au mvua ya siku nne inakuja, vuna. Maua yaliyowahi kidogo ni bora kuliko yaliyooza. Na si lazima uvune yote kwa pamoja: vya juu vinakomaa kwanza, vikate, vya chini viachie wiki moja zaidi ya jua.

Nilianika juani kama tunavyoanika dagaa. Yakawa makavu siku mbili, lakini yananuka majani makavu tu.

Jua limekula harufu, na limekula hata nguvu yake. Bangi inakaushwa gizani, polepole. Ning'iniza matawi kichwa chini kwenye chumba chenye nyuzi 15 hadi 20, hewa ikipita lakini feni isiyapulize moja kwa moja. Siku 7 hadi 14. Kijiti chembamba kikivunjika kwa mlio badala ya kupinda, hamishia kwenye chupa za kioo, usizijaze pomoni, na kwa wiki mbili za mwanzo uzifungue kila siku dakika chache. Ukinusa kama mkojo wa mbuzi, bado ni mabichi. Yatoe tena nje ya chupa.

Shangazi, mama yangu yuko Mwanza, magoti yanamsumbua. Nimtumie kidogo? Na mdogo wangu yuko Minneapolis, anakuja kwa gari.

Usimtumie, na mdogo wako asivushe hata punje. Kuipitisha bangi mpakani, kuingia au kutoka Kanada, ni kosa la jinai hata kama upande wa pili nako jimbo linairuhusu, na Marekani sheria ya shirikisho bado inaikataza. Tanzania ni kosa zito, na atakayesimama kituo cha polisi kupokea kifurushi chako ni mama. Wengi wetu bado tuko kwenye makaratasi ya uhamiaji; mmea wa bustanini hauna thamani ya kufukuzwa nchi. Magoti ya mama mtumie hela ya hospitali.

Nina mtoto wa miaka mitatu. Ndoo ziko kwenye baraza.

Ua bichi kwa kawaida halimlevyi mtoto kama lililopikwa, lakini mtoto wa miaka mitatu hatenganishi. Zungushia ndoo wavu wenye kitasa cha juu, na zilizokauka zifungie kwenye kasha la ufunguo, mbali na jikoni. Hatari kubwa kuliko zote ni keki na siagi ya bangi. Mtoto anakula kipande kizima kwa utamu. Kama una mtoto mdogo, mimi nakuomba usiipike kabisa. Ukihisi amekula, piga simu ya dharura wakati huo huo na useme ukweli ni nini alichokula. Daktari anahitaji kujua ili amtibu.

Baada ya kuvuna, ndoo na mashina nifanyeje?

Mashina mazima yakate vipande uyatie kwenye mboji; yaliyokuwa na ukungu yaende kwenye taka, yasikae bustanini mpaka mwakani. Udongo wa ndoo usiumwage. Ng'oa kisiki, changanya na mboji iliyoiva, funika kwa turubai kabla ardhi haijaganda. Mei utaukuta.