Nilichokiona kwenye uhakiki wa vyeti na watumishi hewa

Mleta mada umeuliza kwanini serikali ya Tanzania isiunganishe NIDA (vitambulisho vya taifa), NECTA (baraza la mitihani), mabenki na mishahara halafu kompyuta iwanase wezi wote wa mishahara na vyeti siku moja, na wadau wengi wamekujibu kwamba wakubwa hawataki, basi. Mimi miaka ya 2016 na 2017 nilikua ofisi ya utumishi kwenye halmashauri moja, msiniulize ipi, na yale mafaili yalipita mikononi mwangu kwahiyo ngoja nieleze kidogo.

Kwanza kulinganisha taarifa kulifanyika mkuu. Machi 2016 Rais Magufuli aliwapa wakuu wa mikoa siku 15 walete idadi ya watumishi hewa, yaani majina yanayolipwa mshahara na mtu kazini hayupo, ile kwetu ilikua kuhesabu vichwa tu, watu wanapanga foleni na barua ya ajira na kitambulisho. Kazi ya data yenyewe ilikuja na vyeti, NECTA wanachukua cheti cha mtumishi wanakilinganisha na matokeo yao, namba ya mtihani, mwaka, jina. Aprili 28, 2017 pale Dodoma taarifa ikakabidhiwa, watumishi 9,932 vyeti vya kughushi, na vyeti 1,538 vinatumiwa na mtu zaidi ya mmoja. Hicho kipande cha pili watu hawakukijadili sana ila ndo kilichotutoa jasho sisi wa chini.

Maana majina yetu hayakai sehemu moja bana. Cheti kinasema Zainabu Hamisi, kwenye mfumo wa mishahara kaingizwa Zainab Khamis, ameolewa akaongeza jina la mume, barua ya kuthibitishwa kazini ina jina la babu. Binadamu ukisoma unajua ni huyohuyo, mashine inakwambia hawa ni watu wawili. Tulikua tunakaa na listi mpaka saa mbili usiku tunafukua masjala tukitafuta kiapo cha kubadili jina alichokula mtu mwaka 1998, na faili lenyewe limeliwa na mchwa.

Kuna nesi mmoja wa kituo chetu cha afya, jina lake likatoka kwenye listi ya vyeti vya dabo. Cheti chake cha kidato cha nne kinatumiwa na mwalimu mkoa mwingine kabisa. Mshahara ukasimamishwa, wote wawili, maana mfumo haujui nani mwenye cheti na nani kakiazima, kwake wote ni mstari mmoja mwekundu. Akaja ofisini na bahasha ya kaki, ndani kuna picha ya darasa lao, nyuma yameandikwa majina kwa kalamu ya wino, na daftari la michango ya mahafali. Nikamtajia shule anayofundisha yule mwingine, akanyamaza muda mrefu. Kumbe ni mtoto wa mjomba wake, nesi alipoenda chuo aliacha vyeti kwa mjomba, mwenzie akafeli, akachukua akaenda navyo ualimu. Swali aliloniuliza lilikua moja tu, "Kaka, nikithibitisha hiki ni changu, dada yangu anafukuzwa?" Nikamwambia ndio. Akaomba maji, akanywa, akasaini.

Sasa niambie hapo kompyuta ingejua nini.

Hewa wa mishahara nao sio kama mnavyodhani, eti mtu kaunda majina mia kwenye akaunti moja, mwizi wa hivyo anakamatwa asubuhi tu na anayeiba kwa akili hafanyi hivyo. Wengi tuliokutana nao sisi ni watu wa kweli kabisa, kastaafu, katoroka kazini, au kafariki na hakuna aliyemuondoa kwenye mfumo. Utasema linganisha na vifo vya RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, sawa, ila mtu kafia kijijini kazikwa jioni yake nani kaenda kuchukua cheti cha kifo? Kadi ya benki iko kwa mjane, mwalimu mkuu anajua ila kila mwezi anasaini listi kwamba wapo wote, maana huyo mjane ni jirani yake na watoto wanasoma palepale shuleni. Na pale ambapo ni wizi hasa, anayeingiza jina na anayeliidhinisha wanakaa chumba kimoja na paswedi imebandikwa kwenye skrini. Mimi ningepewa kazi leo ningeanza na hao, nilinganishe nani aliingiza nini saa ngapi, kabla hata sijagusa NIDA.

Nisieleweke vibaya, napenda mifumo iunganishwe, NIDA peke yake ingetuokolea miezi. Ila kinachotoka pale ni mtu wa kuulizwa, bado sio mwizi. Australia walijisahau hapo, wakachukua mapato ya mwaka ya mtu kutoka kodi, wakayagawa sawasawa kwa wiki mbilimbili, wakalinganisha na posho ya serikali aliyochukua, aliyefanya kibarua miezi minne tu akaonekana muongo akadaiwa. 2020 serikali yao ikakubali kurudisha hela na tume iliyotoa ripoti 2023 ikawasema vibaya sana. Sisi angalau sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ila nenda halmashauri yoyote uulize nani kaisoma.

Yule nesi alirudishwa, malimbikizo yakachelewa sana ila yakaja, alinipigia siku yalipoingia. Juzijuzi tumeongea tena, ananiambia kwenye harusi ya mdogo wao walikuja walimu waliofundisha na yule binamu, wakawa wanamwita kwa jina la kazini, na kila wakiita anageuka nesi.