Anza na maji, tarehe zitakuja zenyewe

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja kanitumia meseji, "dada mbona video zangu za historia watu wanaangalia kidogo tu wanaondoka, na tarehe zote naweka sahihi?" Nimeisoma mara tatu maana huyo ni mimi kabisa nilipokuwa mwaka wa pili chuoni.

Nilipewa mada ya Bukhara, mji wa Uzbekistan, jangwa la Kyzylkum. Nikakesha. Kichwani nilikuwa nazo zote, Imam Bukhari, mkusanyaji wa hadithi za Mtume, kazaliwa pale 810, yule yule tunayemsikia kwenye kila darsa, mnara wa Kalyan umejengwa 1127, Genghis Khan kauteka mji 1220, 1920 likaja Jeshi Jekundu la Wabolsheviki wa Urusi na amiri Alim Khan, mtawala wa Bukhara, akakimbia. Nikazimwaga kama mvua. Mwalimu akauliza kitu kimoja tu, hao watu wote walikunywa maji gani huko jangwani? Kimya. Darasa likacheka, nikaambiwa nikae. Kile kicheko bado kinaniuma, maana mwalimu angeweza kunionyesha hata kwa sentensi moja, hakunionyesha.

Usiku ule nikafungua ramani kwenye simu, kioo chenyewe kimepasuka kona, nikaufuata mto Zeravshan kwa kidole. Unatoka kwenye barafu ya milima ya Tajikistan, unapita mji wa Samarkand, unaingia oasisi ya Bukhara umeshanyweka sana, halafu ule mstari wa bluu unazidi kuwa mwembamba mpaka unapotelea mchangani, kwenye mto mkubwa wa Amu Darya haufiki. Nikaurudia tena na tena. Kumbe mji mzima ulikuwa unaishi kwa mkia wa mto! Ndo maana walichimba mifereji, wakajenga mabwawa ya mawe katikati ya mitaa, wanayaita hauz, na hiyo ndiyo hodhi yetu sisi, neno lile lile la Kiarabu. Maji hayo hayo yakawapa mnyoo wa Guinea, ule unaochomoza mguuni kama uzi, mpaka Wasovieti wakaja kukausha mahodhi mengi. Lyabi-Hauz ya karne ya 17 imebaki, watu wanakaa pembeni yake wanakunywa chai.

Kwa hiyo mdogo wangu, anza na maji. Kabla hujamtaja mfalme yeyote jiulize watu walikunywa nini, walilima wapi, nani alikuwa juu ya mto na nani chini. Fungua ramani kwanza, tarehe baadaye. Narudia, ramani kwanza! Na wewe unayefundisha, mtoto akikwama mbele za watu usimwache asimame peke yake, mshike mkono, utakuja kuulizwa kwa hilo.

Jumamosi nimewafundisha Bukhara vijana wa kidato cha nne hapa mtaani, nimechora mto tu ubaoni, tarehe sijataja hata moja. Binti wa nyuma kabisa, huwa haongei, akanyoosha mkono, "sasa madam, wa Samarkand wakiyafunga maji?" Nikageuka nikaandika 1868, mwaka Warusi walipoichukua Samarkand, na kuanzia hapo amiri wa Bukhara akawa anakunywa kwa ruhusa yao. Darasa zima likainama kuandika.