Bodi ya mamlaka ya maji idai uniti za umeme kwa kila lita 1,000, isiridhike na shilingi

Swali lililoletwa ni hili: bodi ya mamlaka ya maji, iwe ya Mtwara au Lindi, inaweza vipi kubana matumizi ya umeme wakati pampu zinaendeshwa na mafundi?

Mkuu, bodi haishiki spana. Inapitisha sera, bajeti na maombi ya bei kabla hayajafika EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, na inaisimamia menejimenti. Nguvu yake iko kwenye taarifa inazozidai. Hapo ndipo kosa kubwa hutokea: karatasi ya robo mwaka inakuja na umeme kwa shilingi tu. Shilingi zikipanda, mjumbe hawezi kujua kama yamesukumwa maji mengi zaidi au pampu imechoka. Adai uniti za umeme kwa kila lita 1,000, pampu kwa pampu.

Kipimo cha kulinganishia kipo. Kupandisha lita 1,000 kimo cha mita 100 kunataka uniti 0.27 kama hakuna kinachopotea. Pampu na mota kwa pamoja zikiwa na ufanisi wa asilimia 60, inakuwa 0.45. Ndiyo maana huwezi kulinganisha kisima cha pwani na chanzo cha Mitema, kilicho bondeni na maji yake hupandishwa hadi Uwanda wa Makonde. Kule umeme mwingi ni halali, kimo ndicho kinaudai. Kinachoulizwa ni ufanisi.

Kupima ni kazi ya saa moja. Washa pampu hadi itulie, soma mita ya umeme na dira ya maji kwa wakati mmoja, subiri dakika 30, soma tena. Mita kubwa za umeme zina kizidishio, namba ya kuzidishia ulichosoma. Ukikisahau, hesabu yote ni bure. Kwa kimo, chukua presha ya mdomoni (bar 1 ni kama mita 10) ujumlishe kina cha maji kisimani pampu ikiwa inafanya kazi. Kina kilichoandikwa siku kisima kinachimbwa hakifai.

Mfano: kimo mita 120, umepata uniti 0.70. Kinadharia ni 0.33, kwa hiyo ufanisi ni asilimia 47. Ikishuka chini ya 50, pampu itolewe ikaguliwe. Mara nyingi ni mchanga umekula impela (gurudumu la ndani linalosukuma maji), au bomba la kupandishia limetoboka ndani ya kisima na maji yanazunguka humo humo. Pampu iliyokuwa ikila kW 50 kwa ufanisi wa asilimia 65 itataka kW 65 ufanisi ukishuka hadi asilimia 50 kwa maji yale yale. Kwa saa 16 kwa siku, hizo ni uniti 7,200 za ziada kwa mwezi. Kwa bei ya T2 (kundi la TANESCO la wateja wenye matumizi makubwa kuliko ya nyumbani) iliyoanza Aprili 2016, shilingi 195 kwa uniti, ni shilingi 1,404,000.

Kwenye T2 hulipi uniti peke yake, kuna na kVA (mzigo wote unaouvuta kwenye laini) ya juu kabisa ya mwezi, shilingi 15,004 kwa kila moja kwa bei hiyo hiyo. Mzigo wa kW 75 wenye pawa fakta (sehemu ya mzigo huo inayofanya kazi kweli) ya 0.80 unasomeka kVA 94. Ukiurekebisha hadi 0.95 kwa kapasita, vifaa vya kurekebisha pawa fakta, za ukubwa wa kVAr 32 hivi, unashuka hadi 79. Hiyo ni akiba ya zaidi ya shilingi 220,000 kila mwezi. Kapasita zikiungua bila mtu kujua, ankara inarudi palepale, kwa hiyo pawa fakta iandikwe kwenye taarifa ya kila mwezi. Umeme ukirudi baada ya kukatika, pampu zisiwashwe zote kwa mkupuo.

Tahadhari kuhusu vidhibiti mwendo vya mota, kwa sababu wauzaji huvisifia kila mahali. Vinalipa kwenye mtandao wa mjini ambako mahitaji hupanda na kushuka. Penye mlima mrefu, ukipunguza mwendo kidogo tu maji hayafiki juu kabisa, na umeme umeshalika.

Upotevu wa maji nao ni umeme. Kiwango kinachokubalika ni asilimia 20. Ukiwa 35, basi katika kila uniti 100 za kusukuma, 35 zimesukuma maji yasiyolipiwa. Kuna sehemu ya haya inayofika kwa mteja bila dira au kwa dira mbovu, lakini yanayovuja chini ya barabara na yanayofurika tenkini kwa sababu boya limekwama ni umeme uliomwagwa. Hilo la boya ni rahisi kuliko yote na ndilo hupuuzwa.

Kwenye manunuzi, bodi ikatae zabuni inayopima bei ya pampu peke yake. Mzabuni alete mchoro wa utendaji wa pampu katika kimo na mtiririko wa kisima husika, na umeme wa miaka mitano ujumlishwe kwenye bei yake.

Nawe mwananchi, EWURA ikiitisha mkutano wa maoni kuhusu bei mpya, simama uombe namba hiyo: uniti kwa kila lita 1,000, mwaka huu na mwaka jana. EWURA CCC, baraza la watumiaji wa huduma hizo, nao wapo kwa ajili ya kukusaidia kuipata.