Chaja beba, pasi ya nywele iache Dodoma

Mdogo wangu unayeuliza kama adapta moja itatosha kwa vitu vyote unavyotoka navyo Dodoma kwenda kusoma Marekani: kwa simu na laptop inatosha, kwa pasi ya nywele na birika la umeme haitoshi.

Adapta inabadilisha umbo la plagi tu, umeme unabaki uleule. Huku tuna volti 230, kule ni 120. Geuza chaja yako usome yale maandishi madogo karibu na pini, washa tochi ya simu kama hayaonekani. Ukikuta "INPUT: 100-240V, 50/60Hz", hiyo inafanya kazi kotekote. Chaja nyingi za simu na laptop ziko hivyo. Ya laptop, kama waya wa ukutani unachomoka, nunua waya wa kule, adapta huhitaji.

Pasi ikiandikwa 220-240V peke yake, kule itapata kama robo ya nguvu zake, nywele hazitanyooka. Transfoma ya kuiwezesha ni nzito, usihangaike nayo, nunua pasi nyingine hukohuko.

Ila nakuomba sana, ile ya volti 120 tu usije ukarudi nayo ukaichomeka hapa nyumbani. Itaungua, na inaweza kuwasha moto. Hata ukimpa mama zawadi, soma kwanza maandishi.

Adapta yenyewe inunue kabla ya safari: ipokee pini zetu tatu nene, itoe mbili bapa.