Mzee anayumba? Mazoezi ya usawa kando ya karo la jikoni

Wazee wengi wa Machame na Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wamepanda na kushuka milima tangu utotoni, basi watoto wao huamini kutembea kunatosha. Hakutoshi. Ili tusimame bila kuyumba tunategemea macho, sikio la ndani, hisia za nyayo na vifundo, na nguvu za mapaja na nyonga. Umri hupunguza vyote hivyo, na usawa huimarika pale tu mwili unapokaribia kuyumba ukajirudisha wenyewe.

Kwanza mpime. Asimame kando ya karo, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu wa pili, mstari mmoja, bila kushika kitu. Wewe simama karibu nyuma yake, ubavuni. Asipofikisha sekunde 10, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka, na mazoezi yote ayafanye akiwa na mtu.

Kiti kiwe cha mbao, kizito, mgongo wake ukiegemea ukuta. Cha plastiki hapana. Huteleza kwenye marumaru na miguu yake hupinda.

Aanze na kukaa na kusimama. Asogee ukingoni, avute nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainame mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, ndipo ainuke. Kushuka ahesabu tatu. Afanye mara 8 hadi 10, apumzike dakika moja, arudie. Akijibwaga kitini, mapaja bado hayana nguvu: weka blanketi lililokunjwa juu ya kiti kiwe kirefu, kisha upunguze mikunjo kadiri anavyoimarika. Wanaochukia mazoezi mengine yote nawaambia wasiache hili.

Kisha ashike karo, ainue visigino mara 10, ashushe taratibu. Baada ya hapo atembee kiubavu hatua 10 kila upande, vidole vya miguu vikitazama mbele. Misuli ya pembeni ya nyonga ndiyo humzuia mtu mguu unapoteleza upande, na masika kwenye njia za migombani miguu huteleza hasa hivyo.

Mwisho ni kusimama: kwanza miguu mstari mmoja kama kwenye kipimo, baadaye mguu mmoja, sekunde 10 kila upande. Hapa ndipo wengi hukosea. Mzee hung'ang'ania karo kwa mikono miwili, mikono inafanya kazi ya miguu, na mwezi unaisha hakuna kilichobadilika. Mkono ulegezwe kwa hatua: kiganja kizima, vidole viwili, kidole kimoja, kisha mkono uelee juu ya karo bila kugusa. Macho yatazame dirishani, si miguuni. Kufumba macho kusijaribiwe nyumbani.

Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya usawa na nguvu angalau siku 3 kwa wiki kwa wenye miaka 65 na kuendelea. Kwa ratiba hiyo, mpe miezi miwili au mitatu kabla ya kusema hayafai.

Ndala zivuliwe. Avae viatu vya kufunika, soli bapa isiyoteleza, hasa mwenye kisukari ambaye nyayo zimekufa ganzi. Kanga ifungwe iishie juu ya vifundo, isibane hatua.

Kizunguzungu cha kuamka ni jambo jingine, na mara nyingi hutokana na presha kushuka mtu anaposimama. Akae kitandani kwanza, achezeshe vifundo mara 10, asimame, asubiri kidogo ndipo atembee. Kikiendelea, mpeleke kituo cha afya na dawa zake zote kwenye mfuko. Asiache dawa ya presha kwa uamuzi wake. Aliyeanguka zaidi ya mara moja ndani ya mwaka aonwe na mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), kwa mfano katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, kabla ya kuanza.

Shambani kwenye matope bado aende na mkongojo, hata kama jikoni anasimama mguu mmoja. Mpini ufike usawa wa kifundo cha mkono akiwa amesimama wima, na kama mguu mmoja ni dhaifu, aushike kwa mkono wa upande wa mguu wenye nguvu.