Pombe ya asali: ichachukie chombo gani, ikomalie kipi?

SWALI: Habari za kazi, mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Kasarani. Nimeletewa kilo 5 za asali kutoka Kitui, na nataka kutengeneza lita 20 za pombe ya asali niikomaze mwaka mzima, iwe tayari kwa ruracio (sherehe ya mahari) ya dada yangu. Nyumbani nina mtungi wa njano uliokuwa wa mafuta ya kupikia na chupa moja kubwa ya maji ya dispensa. Fundi mmoja wa Kamukunji amesema atanitengenezea pipa la chuma kwa bei nafuu. Babu yangu kule Murang'a naye anasisitiza kwamba pombe ya asali ni ya kibuyu, basi. Nifuate lipi? Na pipa la mbao je, linafaa?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu, na hongera kwa familia. Umepanga mapema, na hilo litakusaidia, kwa sababu unahitaji vyombo vya aina mbili. Watu wengi hutafuta chombo kimoja cha kufanya kazi zote, na hapo ndipo asali nzuri inapoishia kuwa siki. Pombe inapochachuka inataka nafasi na njia ya kutolea hewa. Inapokomaa inataka kinyume chake: chombo kilichojaa hadi shingoni, kisichopitisha hewa hata kidogo.

Tuanze na kuchachua. Katika kilo 5 za asali, kama kilo 4 ni sukari. Hamira ikiila yote, karibu nusu ya uzito huo hugeuka kileo na nusu nyingine hugeuka gesi ya kaboni. Hiyo ni karibu kilo 2 za gesi, yaani zaidi ya lita 1,000 zitakazotoka ndani ya chombo chako katika majuma machache. Mfuniko ukifungwa kabisa, plastiki itavimba hadi ipasuke, na kioo kitalipuka na kurusha vipande. Ndiyo maana lita 20 za pombe haziwekwi kwenye mtungi wa lita 20. Siku za mwanzo povu hupanda kwa nguvu, hasa ukitumia muratina, lile tunda kavu linalotiwa kwenye pombe ili kuichachusha, kwa kuwa nyuzi zake huelea na kusukumwa juu. Nimeona kipande cha muratina kikiziba mdomo mwembamba wa mtungi kabisa, na kilichofuata ni pombe kwenye dari.

Kwa hiyo nunua ndoo mpya ya plastiki yenye mfuniko, ya lita 25 au 30, yenye mdomo mpana. Igeuze uangalie kitako: utaona pembetatu yenye namba ndani. Namba 2 ndiyo ninayoipenda kwa kazi hii. 5 na 1 pia zinafaa. Lakini namba peke yake inakuambia aina ya plastiki tu, kwa hiyo muulize muuzaji kama ndoo imetengenezwa kwa ajili ya chakula. Zile nyeusi zinazouzwa kwa ajili ya takataka au rangi ya nyumba ziache. Toboa tundu dogo kwenye mfuniko, pitisha mpira mwembamba unaobana vizuri, na upande wa pili wa mpira uuzamishe kwenye chupa yenye maji yaliyochemshwa. Gesi itatoka kwa vipovu, na hewa ya nje haitaingia.

Mtungi wako wa mafuta nao sijautupa bado. Plastiki yake kwa kawaida ni namba 2 na ilitengenezwa kubeba chakula. Tatizo ni kwamba plastiki hii hunywa mafuta na harufu, na mafuta yaliyokaa hugeuka kuwa na harufu kali ambayo pombe itaivuta taratibu. Uoshe kwa maji ya moto yenye magadi, usuuze mara kadhaa, kisha ujaze maji ya uvuguvugu, ufunge na uuache usiku kucha. Asubuhi fungua na unuse kabla hujasogeza kitu kingine. Ukisikia mafuta hata kwa mbali, huo ni mtungi wa kubebea maji ya kufulia. Usiusugue ndani kwa waya wala kwa mchanga, maana kila mkwaruzo ni maficho ya bakteria. Na kama hujui kwa uhakika mtungi umewahi kubeba nini, usijadiliane nao. Mafuta ya taa au dawa ya shamba hayaondoki kwa kuosha.

Chupa ya dispensa inahitaji uangalifu zaidi. Ile ya lita 18.9 iliyo ngumu, inayogonga kama kioo, mara nyingi ni namba 7, polikaboneti, ambayo hutengenezwa kwa kemikali inayoitwa bisifenoli A. Umoja wa Ulaya ulipitisha marufuku ya kemikali hiyo kwenye vifaa vinavyogusa chakula mwishoni mwa mwaka 2024. Mimi siweki kileo ndani yake, sembuse kwa mwaka mzima. Ikiwa yako ni namba 1, ile laini kidogo inayobonyea, itakufaa kwa kuchachua lita 15 hivi, au kuhifadhi kwa miezi michache.

Kuhusu pipa la Kamukunji, nitasema bila kuzunguka: hapana. Mafundi wale ni hodari na masanduku yao yamesomesha wanafunzi wengi, lakini uliza wanatumia bati gani. Ukiona uso wa bati una mabaka yanayong'aa kama maua yaliyochorwa, hiyo ni zinki. Asali yenyewe ina asidi, na pombe inayochachuka huongeza nyingine. Asidi huyeyusha zinki, na anayekunywa atashikwa na tumbo na kutapika. Sufuria ya alumini nayo ni ya kupashia maji dakika chache tu. Usiache pombe ilale humo. Shaba ni vivyo hivyo. Chuma kinachofaa ni kile kisichoshika kutu kabisa, cha daraja la 304, na hata hicho kikiungwa kwa welding ya kawaida, kutu itaanzia pale kwenye kiungo. Kama utapata keni ya maziwa ya chuma hicho, iliyotengenezwa kiwandani na isiyo na nyufa, hiyo ni mali. Ila usiioshe kwa jiki, kwa sababu klorini hukila hata chuma hiki.

Na jiki usiitumie kwenye plastiki pia kama unaweza kuiepuka. Klorini ikibaki hata kidogo hukutana na viungo vya asali na kuacha ladha ya dawa ya hospitali isiyotoka tena. Sodiamu metabisalfaiti, unga wa kutakasia vyombo vya mvinyo, ndiyo salama zaidi kwa kutakasa ndoo na chupa.

Sasa kukomaza. Hapa ndipo napenda uweke pesa zako. Plastiki, hata ile nzuri, hupitisha oksijeni polepole kupitia ukuta wake. Kwa majuma manne ya kuchachua haidhuru, kwa sababu gesi inayotoka inaisukuma hewa nje. Kwa mwaka mmoja wa utulivu inadhuru sana: rangi itakuwa ya kahawia, harufu ya asali itafifia, na bakteria wa siki watapata wanachokitaka. Kioo hakipitishi kitu. Ningekuwa wewe ningetafuta mitungi ya kioo ya lita 5 badala ya mmoja wa lita 20. Mtungi wa kioo wa lita 20 ukijaa una zaidi ya kilo 25, unateleza, na ukikuponyoka ngazini umepoteza pombe na pengine mguu. Midogo unaiweka kwenye kreti, na mmoja ukiharibika mingine inabaki.

Pombe ikituama na mashapo yakitulia chini, ihamishe kwa mpira bila kuirusharusha, ukiacha mashapo na vipande vya muratina kwenye ndoo. Utapata kama lita 18, kwa sababu kiasi fulani hubaki na mashapo. Jaza mitungi mitatu hadi shingoni, zile lita 3 zilizobaki uzitie kwenye chupa ndogo za kuongezea. Ukikosa ya kuongezea, chemsha gololi za kioo zisizo na rangi ya kupakwa, uziteremshe moja moja mpaka pombe ipande shingoni. Kila mtungi uendelee kuwa na mpira wake wa kutolea gesi, na uangalie maji ya kwenye chupa yasikauke.

Usizibe kabisa kwa kuona vipovu vimeisha. Baridi ya Julai hapa Nairobi hulaza hamira, na joto la Januari huiamsha. Pima kwa haidromita, kifaa kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki, ambacho utakipata kwenye maduka ya vifaa vya maabara mjini. Kipimo kikibaki kilekile kwa majuma mawili katika siku zenye joto la kawaida, hapo unaweza kuweka kwenye chupa za mvinyo ulizoosha. Lita 18 zitajaza chupa 24 za mililita 750.

Babu yako hakosei. Kibuyu na chungu hupumua, na pombe yake ilinywewa ndani ya siku chache, ikiwa bado inachemka. Kwa kinywaji kile, kibuyu kilichozoea pombe ni chombo bora, maana hamira imekaa kwenye ukuta wake na huanza kazi mara moja. Wewe unataka kinywaji cha mwaka mmoja, na kupumua kulekule ndiko kutakakokiharibu. Mwombe kibuyu chake cha kumiminia siku yenyewe. Atafurahi, na wazee watakaokuja watakiheshimu.

Pipa la mbao sikushauri. Pipa dogo lina ukuta mwingi ukilinganisha na pombe iliyomo, kwa hiyo hewa huingia kwa wingi na pombe hupungua kila mwezi. Mbao za hapa kama saipresi zina utomvu, na nyingi za dukani zimepakwa dawa ya mchwa. Ukitaka ladha ya mbao, tafuta vipande vya mwaloni vilivyochomwa kwa ajili ya mvinyo, uvitie kwenye mtungi mmoja tu kati ya mitatu, uonje kila baada ya juma moja na uvitoe ukiridhika. Ila kama utatumia muratina, onja kwanza. Tunda lenyewe huacha uchungu kidogo na ukavu mdomoni, na huenda ukaona haihitaji mbao yoyote.